Ng'ombe Wangu wa Sekunde Thelathini na Nane

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba filamu ile ni takataka alikuwa msusi wangu pale Kitengela, na aliniambia huku amenishika nywele, kwa hivyo sikuweza kuinuka nikaenda zangu. Alikuwa ameitazama kwa simu ya bwanake, vipande vipande, siku mbili, akipika.

"Ni moto na mataa tu," alisema. "Graphics, graphics, graphics. Story hakuna."

Mteja aliyekuwa chini ya draya akatoa kichwa nje kumjibu. Hiyo, alisema, ndiyo sinema bora aliyowahi kuona tangu azaliwe. Ile meli ya angani ilivyoshuka mpaka milima ikatetemeka! Anayetaka story akasome gazeti. Wakabishana hivyo, mmoja juu ya kichwa changu na mwingine pembeni, mpaka msuko wangu wa kushoto ukaenda kombo na ikabidi ufumuliwe.

Mimi nilikuwa nimefanya kazi kwenye filamu hiyo miezi saba.

Sikuigiza. Kuna studio moja Nairobi, ghorofa ya tatu, madirisha yamezibwa na mapazia meusi, ambako watu wa ng'ambo hutuma vipande vya filamu zao nasi tukatia kile ambacho hakikuwepo siku ya kupigwa picha: moshi, mvua, umati wa watu. Katika filamu hii walituletea mbuga tupu. Ile meli, yenye ukubwa wa mji mzima, inapita juu, kivuli chake kinafagia nyasi, na kundi la ng'ombe mia nne linatimka kwa hofu. Meli ilitengenezwa nchi nyingine. Vumbi lilikuwa la mwenzangu wa dawati la pili. Ng'ombe walikuwa wangu. Wanaonekana kwa sekunde thelathini na nane.

Mwishowe pale saluni nilishindwa kuvumilia nikasema nilishiriki. Yule wa draya akaniuliza niliigiza nani.

"Nilitengeneza ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Wale wanaokimbia."

Akafikiri kidogo. "Kwani wale si ng'ombe tu?"

Hapo ndipo nilipochoka. Aliyeipenda hakuwaona ng'ombe wangu na aliyeichukia hakuwaona vilevile, lakini kila mmoja alikuwa na hotuba. Kanisani Jumapili ile ilikuwa hivyohivyo, wanakwaya wamegawanyika pande mbili kama watu wa kampeni. Na nakiri, hata mimi najua hadithi ya filamu ile ni nyembamba. Shujaa anafiwa na mamake na dakika mbili baadaye anapiga mzaha. Lakini miezi saba ni miezi saba, na macho yangu yaliyovimba hayakuvimba kwa sababu ya hadithi.

Yote hayo ningeyameza. Ambalo sikuweza kulimeza lilikuwa la Papa.

Baba yangu anafuga ng'ombe nje kidogo ya mji wa Kajiado, upande wa barabara ya Namanga. Akienda mnadani, wenzake wa rika humwuliza habari za watoto. Kijana wake anafanya kazi ya kupitisha malori mpakani Namanga, hilo linaeleweka. Binti mkubwa ni nesi. Hilo linaeleweka zaidi. "Na yule wa chuo kikuu?" Papa hana jibu. Aliwahi kusema nashinda na kompyuta, mmoja akamwuliza kama nimeajiriwa kwa duka la kupiga fotokopi. Tangu siku hiyo alikuwa na kinyongo na kazi yangu. Na kusema kweli hakuwa anaonea mtu, maana ng'ombe walipokwisha studio ilituambia tungoje filamu nyingine, na mwezi wa pili wa kungoja ulikuwa umeisha nikiwa ndani ya chumba changu cha kupanga Kitengela, nikiangalia simu.

Akanipigia. Katika ofisi moja ya serikali pale mjini walikuwa wakihoji watu wa masjala, wa kupanga mafaili. Jina langu lilikuwa limeshapelekwa. Jumatatu, saa tatu asubuhi.

"Papa, mimi niko na kazi."

"Hiyo kazi sijaiona."

"Nitakuonyesha."

"Basi kuja unionyeshe Jumapili. Nikiiona, sawa. Nisipoiona, Jumatatu unaenda kwa ofisi na hatuongei tena hii maneno."

Nikakubali. Nina tabia mbaya ya kukubali mambo nikiwa nimekasirika.

Jumapili hiyo shemeji yangu, mume wa dada, alinibeba kwa gari lake. Wanaishi mitaa miwili kutoka kwangu, na kwa kuwa dada alikuwa zamu, yeye ndiye aliyekuwa akiwapelekea wazee sukari na unga. Ni mtu wa magharibi mwa Kenya, mwalimu wa fasihi shule ya sekondari, mtu mwema kabisa. Toka Kitengela mpaka Isinya alinieleza kwa nini filamu kama hizo zinaua akili za wanafunzi wake. Toka Isinya mpaka Kajiado nilijifanya nimelala.

Tulipofika niliinamisha kichwa, Papa akaniwekea kiganja juu ya utosi. "Takwenya," akanisalimu. "Iko," nikaitikia. Kisha tukahamia Kiswahili, kwa sababu ya mkwe, ambaye Kimaasai chake kinaishia kwenye salamu. Kaka yangu alikuwa amekuja kutoka Namanga na alikuwa ameshawasha ile runinga kubwa aliyowanunulia wazazi. Yeye filamu hiyo alikuwa ameitazama mara tatu, na nilikuwa nimemweleza kwa simu, maneno manne tu: leo ni siku yangu. Mama aliketi kwenye mlango wa jikoni, nusu ndani nusu nje, maana ni mtu wa zamani na hakai chumba kimoja na mkwe wake wa kiume. Papa alikaa kiti chake, fimbo magotini, kopo la ugoro mkononi.

Tukaanza. Na hao wawili, kaka na mwalimu, wakaanza.

"Lakini shem, tuseme ukweli," mwalimu akasema, hata kikombe chake cha chai hakijapoa. "Hii ni kelele. Huyu jamaa mama yake amekufa sasa hivi, na ona, anarukaruka na bunduki ya stima."

"Mwalimu, ulitaka akae chini alie masaa mawili?" kaka akasema. "Cheki hiyo meli! Cheki vile inatoka kwa mawingu!"

"Meli si mhusika."

"Nani amesema mhusika? Mimi nataka kuona kitu sijawahi kuona."

"Na ukishaiona, unabaki na nini?"

"Nabaki nimeiona!"

Niliwaomba wanyamaze. Nikawaomba tena. Papa alikuwa ameacha kuangalia runinga akawa anawaangalia wao, kichwa kikienda huku na kule, kama mtu aliyeitwa kusuluhisha. Mimi nilikuwa nahesabu dakika. Ng'ombe wangu wanaingia mara tu baada ya mwanajeshi mwenye kovu kushusha darubini na kusema wamefika. Niliona darubini ikishuka.

"Papa, sasa," nikasema. "Sasa hivi."

Wakati huohuo mwalimu alisimama. Alisimama ili aonyeshe kwa mikono miwili jinsi hadithi inavyopaswa kupanda na kushuka, na alisimama wapi? Mbele ya runinga. Ng'ombe wangu mia nne, miezi yangu saba, walipita wote nyuma ya suruali ya mwalimu. Niliona mkia mmoja ukitokea karibu na mfuko wake wa kulia, basi.

Papa akapiga chafya ya ugoro. "Imefika?" akaniuliza.

"Imepita, Papa."

Akatikisa kichwa polepole, na nikaona anaanza kuinuka. Nilijua maana yake. Hajaiona, na maneno yameisha.

Nilipasuka. Msichana wa kwetu hapazi sauti mbele ya baba yake, na mbele ya mkwe ndiyo haisemeki, lakini nilipaza. Nilimwambia mwalimu akae chini. Nilimwambia kaka afunge mdomo, yeye na meli yake. Niliwaambia wao wawili ni kitu kimoja, mmoja anatukana na mmoja anasifu na hakuna anayetazama, na kwamba kesho nitapelekwa kupanga mafaili mpaka nizeeke kwa sababu watu wazima wawili wameshindwa kunyamaza sekunde thelathini na nane.

Jikoni sufuria iliwekwa chini. Mwalimu aliketi, amekunjana. Kaka aliangalia rimoti yake.

"Rudisha," Papa akasema.

Alivuta kigoda mpaka karibu na runinga, hata angeweza kuigusa. Kaka akarudisha. Darubini ikashuka, kivuli kikaingia, ng'ombe wakatimka.

"Tena."

Mara ya pili aliinama zaidi. Mara ya tatu alinyoosha kidole, akagusa kioo.

"Hii ni ya mama yako."

Na alikuwa ni yeye. Watu wa ng'ambo walikuwa wametuletea picha za kuanzia, ng'ombe wa maziwa wanene wasio na nundu, ambao mbugani kwetu wasingemaliza wiki. Niliwaandikia barua pepe sita kubishana nao. Hatimaye nilichukua picha nilizopiga nyumbani Krismasi, za ng'ombe wa Papa, nikawatengeneza kutoka hapo. Huyo mwekundu mwenye paji jeupe na sikio lililochanika ni wa mama.

Mama alitoka kwenye mlango wa jikoni. Alivuka chumba kizima, mkwe yupo pale pale, akasimama nyuma ya Papa. "Ni yeye," akasema kwa mshangao. "Na sikio yake."

Nilifurahi. Nadhani nilifurahi kwa muda wa pumzi tatu hivi.

"Halafu iko hapa," Papa akasema. Kidole kikasogea. "Na hapa, nyuma ya hii nyeusi. Rudisha. Na hapa tena, mmeipaka rangi, lakini ni yeye. Nyumbani iko moja."

Lazima nieleze jambo hapa. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi. Kuwataja kwa idadi ni kuwatakia mabaya, na tena hakuna haja. Jioni Papa husimama kwenye lango la boma, ng'ombe wanaingia, naye anatazama tu. Wakimalizika anasema fulani hajarudi. Anawajua kwa sura, kama mwalimu anavyolijua darasa lake. Sasa mimi nilikuwa nimepiga picha za ng'ombe kumi na mmoja. Kumi na mmoja tu. Nikawanakili mpaka wakafika mia nne, nikambadilisha rangi huyu, nikamrefusha pembe yule, wengine nikawageuza kulia kushoto. Wakubwa wetu Nairobi hawakuona. Wa ng'ambo waliotazama fremu moja moja hawakuona. Watu wa dunia nzima walikuwa wakibishana juu ya filamu ile na hakuna hata mmoja aliyeona.

"Na hii alama iko upande ya kushoto," Papa aliendelea. "Hapa imeenda kulia. Nani alihamisha?"

"Mimi, Papa."

"Unaona!" mwalimu akadakia, amesahau kwamba nimemfokea. "Hata mzee ameona ni uongo mtupu!"

"Si uongo, ni graphics," kaka akasema. "Nani anaenda sinema kuangalia sikio ya ng'ombe?"

Wakaanza upya. Wallahi, wakaanza upya. Nilitamani kuing'oa runinga ile ukutani.

Papa hakuwasikiliza. Aliniuliza mimi. "Hizi zingine ziko wapi?"

"Zipi?"

"Zangu. Umechukua hizi, zingine ukaacha. Zilikukosea nini?"

"Walinipa muda mdogo. Nilijua hakuna mtu ataona."

"Mimi nimeona."

"Wewe si mtu wa sinema, Papa."

"Niko na macho."

Akasimama, akarudisha kopo la ugoro ndani ya shuka, akachukua fimbo. Ilikuwa saa ya ng'ombe kurudi. Alitoka bila kusema lolote kuhusu Jumatatu, na mimi sikuwa na ujasiri wa kuuliza. Aliniomba nimwonyeshe kazi, nikamwonyesha, na alichoona ndani yake ni ulaghai. Sikuona jibu lingine la kutegemea.

Mwalimu aliondoka baada ya kuniomba msamaha mara mbili, mara ya pili akiongeza kwamba kwa upande wa hadithi bado anashikilia msimamo wake. Kabla giza halijaingia nilipiga pasi sketi nyeusi na blauzi nyeupe. Kaka akasema atanishusha ofisini asubuhi kabla ya kurudi Namanga. Mama aliniletea chai, akakaa kando yangu, akasema, "Umeifanya ikimbie sana. Yeye ni mvivu." Nilicheka bila kutaka, kisha nikalia kidogo, na chai ikapoa.

Kulipopambazuka Papa alisimama nje ya dirisha langu, akaniita msichana kwa Kimaasai.

"Entito. Kuja. Leta hiyo simu ya picha."

Nilikuwa tayari nimevaa kwa ajili ya mahojiano, na viatu vya ofisini. Nilidhani anataka nimpigie picha ya kuwaonyesha wenzake mnadani, binti amevaa vizuri anaenda serikalini, nikakasirika kimoyomoyo, lakini nikaenda. Alinipeleka bomani. Ng'ombe wote walikuwa bado ndani, ingawa saa yao ya kutoka ilishapita. Mchungaji wake alikuwa amechuchumaa langoni na fimbo yake, ameambiwa angoje.

"Tuanze na hii," Papa akasema.

Nikapiga picha.

"Sasa upande ya pili. Sasa uso. Ngoja, hajageuka." Alimshika ng'ombe pembe, taratibu, akamgeuza uso kwenye mwanga. "Hii ikitembea inaangalia chini. Andika."

Niliandika kwenye simu. Tukaenda kwa wa pili, na wa tatu. Kila mmoja kulia, kushoto, uso, na kila mmoja alikuwa na habari zake. Huyu hukimbia wa mwisho kwa sababu ya kwato la nyuma. Huyu hakimbii mpaka aone mwenzake fulani amekimbia. Huyu dume akiogopa haendi popote, anasimama na kupuliza pua.

"Kwa ile yako zote zinakimbia," alisema. "Nani alikuambia zote hukimbia? Na zenye ndama? Hizo zinarudi nyuma, kwa ndama. Utaona zinagongana na zile zinakimbia. Hiyo ndiyo vumbi inatoka."

Niliacha kuandika nikamtazama. Miezi saba studio yetu ilikuwa ikipokea maelekezo kutoka ng'ambo, na maelekezo yenyewe yalikuwa: ongeza vumbi. Hakuna aliyewahi kuniambia vumbi linatoka wapi. Blauzi ilikuwa imeshapata doa la mkia uliolowa, kiatu cha kulia kimezama kwenye samadi, na nilikuwa nikiandika kwa vidole vyote nisije nikapitwa na neno. Kumi na mmoja walipita, na wengine, na wengine, sikuwahesabu.

Jua lilikuwa limeshapanda nilipoitazama saa kwenye simu. Saa mbili na nusu. Kutoka pale hadi mjini ni mwendo wa dakika ishirini.

"Papa, ni saa mbili na nusu."

"Najua."

"Wanaanza saa tatu."

"Najua saa tatu." Alikuwa ameinama, anafuta tope kwenye paja la fahali mweusi mwenye pembe iliyopinda, ili alama ionekane. "Huyu ni mkali, simama huku kwangu. Anza na kushoto."

Kaka akapiga honi kutoka uani. Akapiga tena, ndefu. Kisha akaja mbio mpaka kwenye ua wa miiba, ufunguo mkononi, akaniangalia toka kichwani hadi viatuni.

"Wewe! Gari inanguruma huko tangu saa mbili! Unaenda ama huendi?"

Nikamgeukia Papa. Yeye hakuinua hata kichwa. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya mgongo wa fahali, anamtuliza.

"Zima gari," akamwambia. "Tuko na kazi hapa."